Mwongozo Kamili wa Kununua Shamba la Farasi Nairobi na Nyanda za Juu: Lisome Soko Kabla Hujalipa

Ukiona bikoni mpya za saruji, zile alama za mipaka ya ploti, zimesimama katikati ya padoki (uwanja wa farasi wenye ua), ujue farasi wa hapo wamebakiwa na siku za kuhesabika. Nilizikuta hivyo Karen, nyuma ya ua wa kayaba uliokuwa umeshonana kama ukuta. Jike mmoja wa rangi ya kahawia alikuwa akilisha taratibu, na bikoni iko hatua mbili kutoka mguu wake wa mbele. Saisi, yaani mtunza farasi, alikuwa amefunga kitambaa chekundu kwenye kila bikoni ili farasi wasijikwae usiku. Hakuna aliyemwagiza. Nilipopita tena baada ya mvua, padoki ile ilikuwa imegawanywa kwa kuta za mawe, nusu ekari nusu ekari, na langoni kuna mlinzi mwenye sare.

Hali hiyo ndiyo inayobeba soko zima la mashamba ya farasi katika eneo la Nairobi, na asiyeielewa hununua kwa hasara au huuza kwa majuto. Nimekaa na farasi tangu nikiwa saisi kijana, na kwa miaka mingi sasa nimewasindikiza watu kutazama mashamba. Haya ndiyo ninayowaambia, kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe.

Hatua ya 1: Tenganisha bei mbili zilizo ndani ya shamba moja

Kila shamba la farasi karibu na jiji lina bei mbili. Ya kwanza ni ile atakayolipa mtu anayetaka kufuga. Ya pili ni ile atakayolipa mjenzi anayetaka kuligawa. Karen na Lang'ata, bei ya pili ilishaipita ya kwanza zamani. Viwanja vya ekari tano na kumi, vilivyokuwa na mabanda na njia za kupandia, vimekatwakatwa hadi nusu ekari, kiwango ambacho kwa miaka mingi kimehesabiwa kuwa cha chini kabisa Karen. Barabara ya Southern Bypass imeifanya Karen iwe karibu na Mombasa Road na Kikuyu, na maduka makubwa kama Galleria na The Hub, lililofunguliwa 2016, yamewaleta wakazi ambao hawajawahi kushika hatamu. Siwalaumu. Ila mwenye farasi asijidanganye kwamba anashindana na mwenye farasi mwenzake. Anashindana na nyumba kumi.

Fanya hesabu hii kwa shamba lolote unaloonyeshwa. Takwimu ni za mfano tu, wewe weka zako. Tuseme ni ekari 5 na ekari moja inauzwa shilingi milioni 60. Hiyo ni milioni 300. Tuseme tena unatunza farasi 10 wa watu wengine, na baada ya kulipa chakula, masaisi, maranda ya kulalia na daktari wa mifugo, kila farasi anakuachia shilingi 15,000 kwa mwezi. Kwa mwaka unapata milioni 1.8, yaani asilimia 0.6 ya pesa ulizozika ardhini. Sasa wapeleke farasi walewale 10 kwenye ekari 5 za milioni 5 kila moja. Milioni 1.8 juu ya milioni 25 ni asilimia 7.2.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na sijaona sababu ya kuubadilisha: usinunue ardhi Karen kwa ajili ya farasi. Kama unaishi huko na una farasi wawili, kodi nafasi kwenye banda la mtu, au kodi shamba zima kwa mkataba wa miaka kadhaa uliosajiliwa. Kununua ni kwa yule ambaye angeinunua ardhi ile hata kama farasi wasingekuwepo duniani.

Kwa anayeuza, hesabu hiyohiyo inageuka. Usitegemee mabanda yako yakuongezee bei Karen. Mjenzi atayabomoa, na huenda akaomba apunguziwe gharama ya kubomoa. Ukitaka mnunuzi mwenye farasi, mtafute wewe mwenyewe na umpe muda, kwa sababu hawako wengi.

Hatua ya 2: Chagua ukanda kabla ya kuchagua shamba

Watu huanza na picha ya nyumba yenye veranda. Anza na ukanda.

Karen na Lang'ata ndiko kwenye mafundi wa kwato, madaktari wa farasi, walimu wa kupanda, na uwanja wa mbio wa Ngong Road, uliofunguliwa 1954 na ambao ndio makao ya Jockey Club of Kenya, klabu iliyoanzishwa 1904. Nairobi Polo Club nayo iko Jamhuri Park. Ukaribu huo una thamani yake. Farasi akishikwa na msokoto wa tumbo saa nane za usiku, dakika arobaini za njia zaweza kuwa ndizo uhai wake. Lakini kadiri mashamba yanavyogawanywa, njia za kupandia zinakatika. Kabla ya kukodi huko, panda farasi au tembea kwa miguu kutoka langoni hadi kwenye msitu wa karibu unakopandia farasi, uhesabu ni barabara ngapi za lami utavuka na ni mageti mangapi ya jumuiya za wakazi yatakukatalia kupita. Shamba linaloingia msituni bila kuvuka barabara kubwa ni adimu, na nafasi hiyo ndiyo pekee inayostahili kulipiwa zaidi.

Ngong, Kiserian na Kajiado kwa jumla ndiko wengi wanakohamia. Ardhi ni nafuu na upepo ni mzuri. Shida ni mbili: maji na mgawanyo. Kajiado imekatwa vipande vya futi hamsini kwa mia kwa kasi kubwa, na ekari zako kumi zinaweza kujikuta zimezingirwa na nyumba, mbwa na redio kabla hata mwanafarasi hajatimiza umri wa kupandwa. Tazama ramani ya usajili ya majirani wote, si yako peke yake. Jirani akishagawa, wewe ndiye utakayekuwa wa kulalamikiwa harufu ya samadi.

Limuru na Tigoni ni baridi, nyasi ni nyingi na usubi, wadudu wadogo wanaoeneza ugonjwa wa farasi, si wengi kama mabondeni. Mashamba, hata hivyo, ni madogo na yana miteremko, na udongo mwekundu ukilowa huteleza. Farasi wa mbio hapafai sana. Wa kupanda polepole atapapenda.

Naivasha na Gilgil kuna utamaduni wa farasi wa miaka mingi, ikiwemo polo ya Gilgil. Udongo wake wa majivu ya volkano hunyonya maji upesi, kwa hiyo huna matope, lakini una vumbi. Maji ya visima vya Bonde la Ufa mara nyingi yana floraidi nyingi, ile inayofanya meno ya watu kuwa ya kahawia, na farasi hunywa ndoo baada ya ndoo ya maji hayo. Ziwa Naivasha nalo lilipanda 2020 likafunika makazi na mashamba ya kandoni. Ukionyeshwa ploti yenye ufuo, muulize mvuvi, si dalali, maji yalifika wapi mwaka ule.

Nanyuki na Timau ndiko moyo wangu ulipo. Nafasi ipo, mwinuko ni karibu mita 1,900 Nanyuki na zaidi ya hapo Timau, na asubuhi unamwona farasi akipumua mvuke huku Mlima Kenya ukiwa wazi. Bado huko nako mashamba makubwa yanakatwa kuwa vipande vya nyumba za mapumziko. Sehemu nyingine zina udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika. Kiatu cha farasi hung'oka chote kikabaki humo, na msingi wa banda hugharimu zaidi. Sehemu za Laikipia zimepitia misimu migumu ya ukame na mvutano wa malisho, kama 2017. Kaa na majirani wafugaji kabla ya kuweka ua. Ua usiozungumzwa huleta ugomvi.

Hatua ya 3: Andika daftari lako la bei

Kampuni ya HassConsult hutoa takwimu za bei za ardhi kila robo mwaka kwa maeneo kama Karen, Ngong, Limuru na Kitengela. Zisome ili ujue mwelekeo: bei inapanda, imesimama, au inashuka. Usizitumie kupanga bei ya shamba moja. Wastani wa Ngong umechanganya ploti iliyo kando ya lami na jangwa lisilo na maji.

Chukua daftari. Kwa miezi sita, andika kila shamba linalokufaa ukilisikia: tarehe, mahali, ekari, bei iliyotajwa, aina ya udongo, chanzo cha maji, idadi ya mabanda, na limekaa sokoni muda gani. Rudi kila mwezi uone kama tangazo bado lipo. Shamba lililotangazwa Januari na bado lipo Agosti kwa bei ileile linakuambia kwamba bei hiyo si bei, ni matumaini. Bei halisi iliyolipwa utaipata kwa mthamini aliyesajiliwa au kwa mawakili wa eneo hilo. Mlipe mthamini wako mwenyewe. Usitegemee ripoti uliyopewa na muuzaji.

Na kuna habari ambazo hazifiki kwenye matangazo. Fundi wa kwato hujua nani amepunguza farasi kutoka wanane hadi watatu. Muuza nyasi hujua nani ameacha kuagiza marobota, yaani mafungu ya nyasi kavu. Masaisi hujua familia gani inahama, kwa sababu wao ndio huulizwa kwanza watawapeleka wapi farasi. Shamba zuri kuliko yote niliyowahi kumpatia mtu lilianza na neno la saisi mmoja mzee, tukiwa tumekaa juu ya robota: "Kijana wangu, yule mama hajanunua tandiko la mtoto mwaka huu." Mtoto alikuwa amekwenda chuo ng'ambo. Miezi mitatu baadaye mama yule aliuza, bila dalali, kwa bei ya haki, na akafurahi kwamba farasi wake wazee wawili wataachwa pale.

Angalia pia mabanda ya kukodisha. Yakiwa yamejaa na kuna watu wanaosubiri nafasi, mahitaji yapo. Yakianza kutangaza nafasi, subiri kidogo kabla ya kununua, kwa sababu mashamba yatafuata.

Hatua ya 4: Pima maji na nyasi kwa namba

Farasi wa kilo 500 hunywa kati ya lita 25 na 50 kwa siku, zaidi akifanya kazi juani. Farasi wanne, kwa lita 40 kila mmoja, ni lita 160 za kunywa tu. Ongeza kuosha, ongeza nyumba yako, ongeza kumwagilia uwanja wa mazoezi. Uwanja mdogo wa kawaida ni mita 20 kwa 40, yaani mita za mraba 800 zinazotoa vumbi kila siku ya kiangazi. Kama shamba linategemea lori la maji, ingiza gharama hiyo ya mwaka mzima kwenye bei ya kununua. Kama lina kisima, omba kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, ripoti ya kiasi cha maji kinachotoka kwa saa, na kipimo cha maabara cha maji yenyewe. Kisha washa pampu uketi hapo saa mbili. Nimeona kisima cha "maji mengi" kikikauka kabla chai haijapoa.

Nyasi nazo zina hesabu. Farasi hula karibu kilo 10 za nyasi kavu kwa siku. Wanne kwa mwaka ni kilo 14,600, na robota likiwa na kilo 12, hayo ni marobota kama 1,200. Shamba la ekari mbili halitatoa hayo. Utanunua, na kiangazi bei ya robota hupanda sana. Kwa hiyo ghala kavu la kuhifadhi marobota 400 lina thamani kuliko jiko jipya la nyumbani. Kwa farasi wanaotegemea malisho, ekari moja kwa kila mmoja ni kiasi cha chini palipo na mvua nzuri, ukimwongezea chakula. Palipo pakavu, zidisha.

Kagua ni nyasi gani. Nyasi za kikuyu, zinazopendeza kama zulia, zina oksaleti inayozuia farasi kupata kalsiamu. Akilishwa hizo peke yake kwa muda mrefu, mifupa ya uso huvimba. Changanya na nyasi za boma rhodes au majani ya lusini, na umuulize daktari kuhusu madini ya kuongeza. Bustani ya kijani kibichi kwenye picha ya tangazo si malisho.

Hatua ya 5: Fika jioni, utazame usubi

Hapa ndipo soko linakosea waziwazi, na mjuzi anaweza kufaidika. Tangazo likisema "mandhari ya bwawa", bei huongezeka. Kwa mwenye farasi, bwawa lile ni hatari. Ugonjwa wa farasi wa Afrika huenezwa na usubi, wadudu wadogo wanaozaliana kwenye matope na kuuma tangu jua kuzama hadi alfajiri. Farasi asiye na kinga akiupata, mara nyingi hafi mmoja peke yake. Nimewahi kumshika kichwa farasi mwenye ugonjwa huo. Vile vishimo vilivyo juu ya macho, ambavyo kwa farasi mzima huwa vimebonyea, vilikuwa vimejaa na kuvimba kama yai. Alikuwa bado anatafuta mkono wangu kwa sukari. Alikufa kesho yake.

Fika shambani saa kumi na mbili jioni, msimu wa mvua, na usimame bandani kwa nusu saa. Banda zuri liko juu mlimani, upepo unapita, milango ina wavu, na samadi inawekwa mbali upande upepo unakoelekea. Kila chumba cha farasi bandani kiwe na mita 3.6 kwa 3.6 kwa farasi mkubwa. Ukilinganisha shamba la bondeni kando ya bwawa na la mlimani lisilo na mandhari, la mlimani huwa nafuu na huwa bora. Lichukue.

Hatua ya 6: Karatasi

Hapa sitakaa sana, kwa kuwa wakili wako ndiye wa kukaa hapa. Lakini haya uyajue.

Fanya sachi, yaani uchunguzi wa rekodi za usajili, ya hati miliki. Kwa Nairobi, Ardhisasa, mfumo wa mtandaoni wa rekodi za ardhi, ulianza 2021. Kwa kaunti nyingine, mtume wakili afike ofisi ya ardhi pale ambapo mfumo haujafika. Usidharau hatua hii kwa sababu muuzaji ni mtu wa heshima. Mgogoro wa ekari 134 za Karen uliotikisa nchi 2014 ulihusu ardhi ambayo wengi waliamini ina mwenyewe anayejulikana. Peleka mpimaji aonyeshe bikoni zote, na umuulize saisi wa hapo kama kuna iliyowahi kuhamishwa. Yeye huzikata nyasi zake kila wiki.

Ardhi ya kilimo inahitaji kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi, na maombi hupelekwa ndani ya miezi sita tangu mkataba. Bila kibali, mauzo ni batili. Asiye raia hawezi kumiliki ardhi kwa zaidi ya ukodishaji wa miaka 99 kwa mujibu wa Katiba ya 2010, na ardhi ya kilimo haimfikii bila msamaha wa Rais. Kampuni yenye mwanahisa mmoja mgeni nayo huhesabiwa kuwa si raia. Ndugu zetu walio Ulaya au Marekani waliochukua uraia wa huko wakaacha wa Kenya, hili linawahusu. Ukodishaji wa miaka 999 uliokuwa mikononi mwa wageni uligeuka kuwa wa miaka 99 katiba ilipoanza, Agosti 2010. Soma miaka iliyobaki.

Nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mume au mke. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 mjini na 2 mashambani, nao hulipwa na mnunuzi. Kodi ya faida ya mtaji ni asilimia 15 tangu Januari 2023, nayo ni ya muuzaji, na ndiyo sababu wengine watakuomba uandike bei ndogo kwenye mkataba. Kataa. Siku utakapouza wewe, faida itahesabiwa kutoka kwenye ile bei ya uongo. Amana kwa kawaida ni asilimia 10, na muda wa kukamilisha siku 90.

Uliza pia kaunti kama eneo hilo linaruhusu mifugo, na kama mabanda yaliyopo yalijengwa kwa kibali.

Hatua ya 7: Chagua msimu wa kununua

Madalali huonyesha mashamba Juni, baada ya mvua za masika, kila kitu kikiwa kijani. Wewe tazama mara mbili: Februari, uone kilichobaki kiangazi, na Aprili au Mei, uone maji yanasimama wapi. Shamba lililokushinda kupenda Februari litakushinda kila Februari.

Julai na Agosti familia nyingi za wageni na za mashirika ya kimataifa huhama shule zikifungwa. Mikataba ya kukodi huisha, farasi huuzwa, na wenye mashamba huwa tayari kuzungumza. Kabla ya uchaguzi mkuu soko hupoa, wanunuzi hujikunja, na mwenye pesa taslimu huheshimiwa. Uchaguzi ujao ni Agosti 2027.

Ukikaa mezani, usijadili bei ya ekari tu. Jadili vitu. Andika kwenye mkataba, kimoja kimoja: matangi, pampu, mabirika, milango ya mabanda, mbao za ua, mchanga wa uwanja wa mazoezi, marobota yaliyo ghalani. Nilimsindikiza mnunuzi aliyekabidhiwa shamba likiwa limeng'olewa hata mbao za ua. Mkataba ulikuwa umetaja ardhi na nyumba basi. Jadili pia masaisi. Anayeijua padoki gani hujaa maji na farasi gani huogopa radi asiondoke na muuzaji kwa sababu tu hakuna aliyezungumza naye. Mlipe stahili zake, umpe mkataba wake kwa maandishi.

Hatua ya 8: Hamisha farasi

Chanjo ya ugonjwa wa farasi wa Afrika iwe imeshatolewa zaidi ya mwezi mmoja kabla ya safari, kinga ipate muda wa kujijenga. Safiri asubuhi. Beba marobota ya nyasi walizozoea ya wiki mbili, uwabadilishie chakula polepole. Tembea ua wote kwa miguu kabla lori halijafika, ukiokota misumari na vipande vya waya. Wape maji, waache wanyooshe miguu mchana kwenye padoki ndogo, na ifikapo saa kumi na moja jioni wawe wote ndani, wavu umefungwa.